Tuta Halitoi Risiti

MUULIZE MZEE USUKANI
Maswali yenu ya barabarani, majibu ya mtu aliyeendesha basi la mikoani miaka 24 na sasa anafundisha udereva

SWALI: Shikamoo Mzee Usukani. Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge hapa Morogoro. Kila Jumanne nashuka Kariakoo na Noah yangu, alfajiri nakwenda, jioni narudi. Wiki mbili zilizopita nilipigwa tochi, kile kipima mwendo cha polisi, mara mbili ndani ya safari moja. Ya kwanza nilikuwa na 61, kijijini, na kweli kuna nyumba na watoto wa shule. Ya pili nilikuwa na 57, barabara imenyooka, kushoto mkonge, kulia mkonge, hakuna hata mbuzi. Askari amekaa kivulini chini ya mwarobaini na tochi yake, mwenzake yuko mbele na picha yangu tayari imeshamfikia kwenye simu. Nikamuuliza kibao cha 50 kiko wapi, akanijibu, "Umekipita, mama." Siku nyingine nilipunguza mwendo makusudi nikitafute. Kipo, ila majani yamekifunika, unaona ile sifuri tu. Elfu sitini kwa siku moja, Mzee, ni faida ya doti ishirini. Mume wangu anasema nilipe ninyamaze. Nijibu wewe: hizi faini ni za kutulinda au za kukusanya?
*Mama Vitenge, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitakujibu, ila utakasirika kwanza, kwa sababu naanza na ile 61.

Chuoni ninapofundisha tuna ndoo tatu za plastiki. Kila kundi jipya likija, Jumamosi ya kwanza hawagusi gari. Nawapeleka uwanjani na kamba ya kupimia. Nawaambia hivi: gari la 50 linakula mita 14 kwa sekunde moja. Dereva aliye macho, siyo anayejibu meseji, anahitaji kama sekunde moja tangu aone mtoto mpaka mguu wake ufike kwenye breki. Hizo mita 14 zimekwenda bure. Kisha breki zenyewe, kwenye lami kavu na tairi nzima, zinataka mita nyingine 14 hivi. Tunaweka ndoo kwenye mita 28. Namwita mwanafunzi mmoja asimame pale kwenye ndoo. Wewe ndiye mtoto, namwambia. Wa 50 amesimama, bampa limekugusa suruali.

Sasa wa 60 je? Hapo hupenda kubahatisha. Mmoja atasema atampita kwa hatua mbili, mwingine atasema atamsukuma kidogo. Hesabu inasema wa 60 amekula karibu mita 17 kabla hajagusa breki, kwa hiyo akifika kwenye ile ndoo bado ana mwendo wa 40. Arobaini! Na wa 70 anafika pale akiwa na 58, yaani anamgonga mtoto kwa mwendo mkubwa kuliko aliokuwa nao yule wa kwanza kabla hajaona kitu chochote. Ninapofika kwenye hiyo 58, aliyesimama kwenye ndoo husogea pembeni mwenyewe, bila kuambiwa, na uwanjani hakuna gari hata moja.

Shirika la Afya Duniani linaliweka jambo hilohilo kwa namna nyingine: wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, ajali zinazoua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Basi ile elfu thelathini ya kwanza ilipe kwa moyo mweupe. Pale askari alikuwa amesimama badala ya ndoo yangu.

Ya pili ndiyo swali lenyewe.

Usiangalie karatasi, kwa sababu zote mbili zinafanana. Ni shilingi 30,000 ileile, namba ya malipo inakuja vilevile, unalipa kwa simu na hela inakwenda serikalini. Wewe angalia askari alipokaa. Anayetaka upunguze mwendo anataka umwone. Anayetaka akupate anaomba usimwone.

Kuna askari mstaafu tunakunywa naye kahawa jioni, na suala hili tumeligombania mpaka muuza kahawa ametuzoea. Yeye anasema, "Ukijua nilipo utapunguza hapo tu. Usipojua nilipo, utapunguza kila mahali." Ni hoja nzuri, na ingekuwa na nguvu kama angekuwa anahamahama. Lakini mwarobaini wako huo, nina hakika kila dereva wa basi anaujua kwa jina. Anayetoka mbele anakuwashia taa mara mbili, unanyanyua mguu, unapita kwa heshima zote na salamu juu, halafu ukishavuka kona unakanyaga kufidia dakika ulizopoteza. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko idadi ya nywele nilizobakiwa nazo.

Na sasa nikukiri dhambi, maana safu hii haina padre.

Nimeendesha Dar–Mbeya. Ni kilomita kama 830. Siku zile basi haliruhusiwi kutembea usiku, kwa hiyo wote tunatoka Ubungo saa 12 asubuhi kama farasi walioachiwa, na tajiri mwenye basi anataka saa 12 jioni abiria wawe wanashuka Mbeya. Ukomo wa basi ni 80. Gawanya mwenyewe: 830 kwa 80 ni zaidi ya saa 10, na hapo hujasimama mizani, hujala, abiria hawajachimba dawa, hujapita kijiji hata kimoja cha 50, na mlima Kitonga hujaanza kuupanda nyuma ya lori la saruji lenye mwendo wa kobe mgonjwa. Ratiba yenyewe ilikuwa kosa la barabarani, na imechapwa kwenye tiketi.

Tajiri wangu alijua kupiga hesabu kuliko mimi. Kila safari, pamoja na hela ya mafuta, ananikabidhi bahasha. Ndani kuna elfu sitini. "Hiyo ya tochi," anasema, "mbili tu, ya tatu ni yako." Zikibaki tunagawana na konda. Sasa fikiria bahasha ile ilinifundisha nini. Ilinifundisha kuogopa tochi, haikunifundisha kuogopa mwendo. Nikawa bingwa wa kujua nani yuko wapi, saa ngapi, zamu ya nani. Macho yangu yalikuwa vichakani yakitafuta shati jeupe, wakati kazi yake ni kuangalia barabara. Na wewe uliyekaa siti ya kumi na nne ukila korosho ndiye uliyelipa ile elfu sitini, maana tajiri alikuwa ameshaiingiza kwenye nauli pamoja na dizeli.

Miaka yote ile nimeandikiwa mimi, ameandikiwa swahiba wangu wa basi la nyuma, ameandikiwa hata konda kwa kuning'inia mlangoni. Aliyepanga ratiba hakuandikiwa hata siku moja.

Halafu kuna hili la bei moja. Umezidisha kilomita 7, elfu thelathini. Aliyekupita pale pale na 110 akikamatwa, elfu thelathini. Wenzetu Kenya, kwenye kanuni zao za makosa madogo za mwaka 2016, waliandika jedwali: ukizidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500 za kwao, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000. Sisemi Kenya hakuna malalamiko, muulize dereva yeyote wa matatu akupe ya wiki nzima. Ninachosema ni kwamba jedwali lile linaongea na mguu wa dereva. Linamwambia kila kilomita unayoongeza ina bei yake, na lile onyo la mwanzo halimwingizii mtu yeyote hata senti. Bei moja haiongei na mguu. Inaongea na mfuko tu, kama geti la kuegesha magari. Na kwa kuwa 57 na 110 ni mamoja, ndipo yanapozaliwa yale mazungumzo ya pembeni ya dirisha, "sasa mama, tusaidiane," ambayo wewe na mimi tunayajua na leo sitayafungulia mlango.

Usidhani ni kwetu tu. Kuna mji unaitwa Ferguson, jimbo la Missouri, Marekani. Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilitoa ripoti kuhusu polisi wa pale, na ndani yake kuna barua pepe ya mwaka 2010: mkurugenzi wa fedha wa mji anamwambia mkuu wa polisi kwamba karatasi za faini zisipoandikwa kwa wingi zaidi kabla ya mwisho wa mwaka, itakuwa vigumu kupandisha makusanyo ya mwaka unaofuata. Soma tena nani anamwandikia nani. Siyo daktari wa wodi ya majeruhi, siyo mwalimu mkuu wa shule iliyo kando ya barabara. Ni mtu wa fedha.

Nimesimama barabarani miaka mingi nikijiuliza ni kitu gani cha barabarani ambacho hakuna dereva aliyewahi kukitilia shaka nia yake. Nimekipata: tuta. Pale Mikumi, barabara inapokatiza mbugani, kuna matuta kwa ajili ya wanyama. Tuta halijifichi chini ya mwarobaini. Halimjui mheshimiwa, gari la serikali la namba za STK linapunguza, basi linapunguza, bodaboda anapunguza huku akijifanya hajapunguza. Mwisho wa mwezi halijatoa risiti hata moja. Springi nimevunja, sikatai, na yapo matuta mengine huko mitaani ambayo naamini yalijengwa na mtu aliyegombana nyumbani. Lakini twiga anavuka.

Na kulikuwa na koplo mmoja wa kike, katika mji mdogo njiani, mbele ya shule ya msingi. Mji siutaji. Kila nikipita asubuhi yuko pale, katikati ya barabara kwenye mistari ya pundamilia, sare nyeupe mpaka inaumiza macho, mkono mmoja juu, mwingine umeshika begi la mtoto fulani ambaye kamba ya kiatu imefunguka. Hana tochi. Sikuwahi kumwona ameshika kitabu cha faini. Basi zima lilikuwa linapungua mwendo nusu kilomita kabla ya kumfikia, na abiria wanaokwenda Mbeya wanajua tumefika kwa koplo kwa namna gari linavyotulia. Nilimpita hivyo karibu miaka minne. Akahamishwa. Wiki ya pili baada ya kuhamishwa nilipita pale na 70, mimi huyuhuyu wa ndoo, mpaka konda akanigonga bega: "Suka, shule hapa."

Yule koplo, ukitafuta kwenye hesabu za makusanyo ya mwaka, utakuta sifuri.

Basi jibu lako, Mama Vitenge: sheria ni ya kukulinda, na hiyo usiibishie. Ya kwanza ilikulinda. Ya pili ilikukusanya, na mwarobaini ndiye shahidi.

Sasa la kufanya. Ile karatasi ni kwa anayekubali kosa. Usipokubali una haki ya kusema hukubali na shauri likaenda mahakamani. Siku nyingine usigombane. Shuka, salimia, omba uonyeshwe picha: mwendo, muda, namba ya gari. Kibao kilichofunikwa kipige picha siku hiyohiyo, simama mbali kidogo ili ionekane kile anachokiona dereva, na jiwe la kilomita likiwa karibu lipige pia. Nenda nayo kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa, nakala iende ofisi ya barabara ili wafyeke yale majani. Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Siku ya mahakamani inaweza kukugharimu doti nyingi kuliko hizo kumi za tochi moja, na ndiyo maana wengi wanafanya kama anavyosema mume wako. Hesabu yake haina kosa. Ila majani yakibaki pale, Jumanne ijayo atalipa mtu mwingine, na Jumanne ya mbele yake wewe tena.

SWALI: Mzee mambo. Mimi ni bodaboda, Kahama. Nilimbeba mama na mwanawe wa miaka sita hivi, usiku, mvua inanyesha, nikaandikiwa elfu kumi kwa mishikaki, yaani kubeba abiria zaidi ya mmoja. Mtoto ni mdogo, ningemwacha wapi? Halafu elfu kumi ndiyo hesabu ya bosi ya siku nzima. Hii si kukomoana?
*Dogo wa Stendi*

JIBU: Poa, mjukuu, ingawa "shikamoo" haijafutwa kwenye kamusi.

Kwanza jua kwamba mpaka katikati ya 2021 ungelipa 30,000 kama mwenye basi la abiria sitini. Bajeti ya 2021/22 ndiyo iliyoshusha faini ya pikipiki na bajaji kuwa 10,000. Nilishangilia, maana ilikuwa haki. Ila niliona jambo moja, na Mama Vitenge naye alisome: bei ya kosa la barabarani ilibadilishwa ndani ya hotuba ya bajeti, katikati ya kodi na ushuru. Mwenye masikio na asikie.

Kuhusu mishikaki, hapo sikubebi. Pikipiki ina siti ya dereva na abiria mmoja. Mtoto yule alikaa wapi? Kama alikuwa katikati yenu, siku ukifunga breki kwenye matope atabanwa na watu wazima wawili. Kama alikuwa mbele kwenye tangi, yeye ndiye bampa lako. Najua mama alikwambia "ni hapa karibu tu." Hakuna abiria aliyewahi kusema ni mbali. Ungemwitia bajaji na kulala na hesabu pungufu, bosi angenuna, kesho angesahau. Wewe una haki ya kulalamika kuhusu mambo mengi barabarani, lakini siyo kuhusu hili.

SWALI: Mzee, kuna IST naitaka, muuzaji ni mtu wa hapa Tabata, bei nzuri mno. Rafiki yangu akaniambia niangalie deni la faini. Nimekuta tisa hazijalipwa! Muuzaji anasema atanipunguzia hiyo hela kwenye bei nilipe mwenyewe. Nichukue?
*Msomaji, Dar*

JIBU: Rafiki yako mnunulie soda. Wengi wanaangalia rangi na redio, wanasahau kwamba deni limeandikwa kwenye namba ya gari na siyo kwenye uso wa dereva. Kuingia kwenye mfumo wa polisi na kuandika namba ya gari ni kazi ya dakika moja. Ukishalipa gari, faini hizo utakazosimamishiwa ni zako, na askari hatajali kwamba siku ile ulikuwa umelala kwenu.

Kuhusu kupunguziwa, usikubali. Mwambie alipe yeye kwanza, uangalie tena mpaka isomeke hakuna deni, ndipo mkaandikishane. Hela ya kupunguziwa huwa inasahaulika mezani pamoja na chai.

Lakini zaulize hizo tisa zinakwambia nini. Zisome moja moja, kosa na mahali. Kama ni za kuegesha vibaya na taa ya nyuma, ni mtu mzembe tu. Kama nyingi ni za mwendo, hilo gari limekimbizwa, na mara nyingi aliyekimbiza hakuwa na haraka ya kwenda gereji. Kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, nenda na fundi wako mwenyewe, siyo fundi wa muuzaji, mfungue tairi za mbele mtazame pedi za breki na diski zake. Ukipitisha kidole kwenye diski ukakuta mtaro, mrudishie funguo.